Kingamwili na Mbegu za Uzazi: Jinsi Zinavyopimwa

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze somo moja ambalo kitabu chetu cha Biolojia hakilifikii, lakini ambalo limeingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi. Najua wako watakaosema kwamba jambo hili halimfai kijana wa miaka 17 kuliandika. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo. Lakini Mwalimu wetu wa Biolojia aliniambia kwamba jambo linalofundishwa darasani kwa heshima laweza kuandikwa kwa heshima pia. Wahusika wenyewe, yaani Baba mdogo na Mama mdogo, wamenipa ruhusa kwa sharti moja tu, kwamba nisitaje majina yao wala hospitali yao.

1. Sababu ya kuandika

Baba mdogo ni seremala. Alimwoa Mama mdogo miaka 7 iliyopita, wala Mungu hajawajalia mtoto. Katika miaka hiyo Mama mdogo amepimwa damu, amepigwa picha ya mirija ya uzazi, amekunywa mizizi ya kila namna, na amenyamaza mbele ya maneno mengi. Baba mdogo hakupimwa hata mara moja. Hapana aliyemwambia apimwe. Kwetu, nyumba isiposikika kilio cha mtoto, macho ya watu wote humwelekea mke.

Mwezi wa Desemba mwaka jana, kwa ushauri wa daktari, Baba mdogo alikubali kupima. Alirudi na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Bibi akasema, "Msomi wetu yupo, atusomee." Nikaichukua karatasi, nikaona ya kuwa mbegu zake ni milioni 58 katika kila mililita moja ya manii, na pembeni imeandikwa kwamba kiwango cha chini ni milioni 16. Nikatamka kwa sauti ya mtu anayejua: "Baba mdogo, wewe ni mzima. Mbegu zako ni nyingi kupita kiasi kinachotakiwa."

Bibi alipiga vigelegele. Mama mdogo aliinuka taratibu akaenda jikoni. Usiku ule nilisikia, nikiwa nimelala chumba cha pili, jina la binti mmoja wa kijiji cha jirani likitajwa, na habari za posa.

Mstari wa mwisho wa karatasi ile ulikuwa na neno refu nisilolijua. Niliuruka. Shule ilipofunguliwa Januari nilimwonyesha Mwalimu nakala niliyoiandika kwa mkono. Akaweka kidole juu ya mstari ule, akaniuliza, "Na hili umelisoma?" Maana yake ilikuwa: mbegu zimegandana zenyewe kwa zenyewe. Katika mtihani ukiruka swali wapoteza alama zako. Mimi niliruka neno moja, na aliyepoteza ni Mama mdogo.

Jioni ile ile nilimwandikia Baba mdogo barua. Nilimwambia kuwa nimekosea, na kwamba asifanye neno lolote kabla ya kurudi kwa daktari. Makala haya yametokana na barua ile, na na yale niliyofundishwa baadaye.

2. Ugumba ni nini?

Shirika la Afya Duniani lasema kuwa ugumba ni hali ya kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kuzuia uzazi. Kwa hiyo mtu aliyeoa miezi mitatu iliyopita hana haki ya kumwita mkewe tasa. Shirika hilo lilitangaza mwaka 2023 kuwa karibu mtu mmoja katika kila watu wazima 6 duniani hupatwa na shida hii wakati fulani wa maisha yake.

Sababu zake ni nyingi: huenda yai halikomai, au mirija imeziba, au mbegu za mume ni chache, au haziendi, au zina kasoro ya umbo. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mume naye ana sehemu yake, akiwa peke yake au pamoja na mkewe. Ndiyo maana kupima upande mmoja tu ni kama kutafuta tundu la mtumbwi kwa kukagua omo na kuacha tezi.

3. Kwa nini mwili upigane na mbegu zake?

Tulipokuwa Kidato cha Tatu tulisoma kwamba mwili una askari wake. Kijidudu kigeni kikiingia, chembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili, yaani chembechembe za protini zenye umbo kama la herufi Y. Mikono miwili ya Y hukishika kile kijidudu, na mguu wake hubaki nje. Tafadhali, msomaji, ukumbuke mguu huo, maana ndio utakaotusaidia kukifahamu kipimo.

Askari hawa hujifunza tangu tumboni na utotoni ni kipi cha mwili na kipi ni kigeni. Lakini mbegu za kiume hazipo utotoni. Huanza kutengenezwa wakati wa kubalehe, askari wakiwa wamekwisha kujifunza siku nyingi. Basi kwao mbegu ni wageni, ijapokuwa zimezaliwa nyumbani.

Vita havitokei kwa sababu ndani ya korodani mna ukuta. Chembe ziitwazo chembe za Sertoli, kwa jina la mtaalamu wa Italia Enrico Sertoli aliyezieleza mwaka 1865, zimeshikana bega kwa bega, zikaitenga damu na mbegu zinazokomaa. Maadamu ukuta umesimama, askari hawazioni mbegu.

Ukuta huo waweza kuvunjika, au njia ya mbegu yaweza kuziba. Sababu zijulikanazo ni pigo kubwa la korodani, korodani kujisokota, upasuaji wa sehemu zile, na maambukizo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa wanaume waliofungwa mirija ya uzazi kwa hiari yao: zaidi ya nusu yao huonekana kuwa na kingamwili za mbegu baadaye.

Kingamwili zikiisha kuzishika mbegu, madhara huwa ya namna tatu. Kwanza, mbegu huweza kugandana, kichwa kwa kichwa au mkia kwa mkia. Pili, zifikapo kwenye ute wa mlango wa mji wa mimba hunaswa, zikawa zatetemeka pale pale bila kusonga mbele. Tatu, hata mbegu ikifika kwenye yai, huenda ikashindwa kulishika na kuliingia.

4. Habari kidogo za zamani

Mwaka 1899 mabingwa wawili, Karl Landsteiner na Élie Metchnikoff, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kuwa mnyama akipigwa sindano ya mbegu za kiume, mwili wake huzitengenezea silaha. Landsteiner ndiye yule yule aliyegundua makundi ya damu tunayoyasoma darasani.

Ilipofika mwaka 1954, Rümke wa Uholanzi, na Wilson kwa upande wake, walieleza habari za wanaume wasiopata watoto ambao damu yao yenyewe iligandisha mbegu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba jambo lililoonekana kwa wanyama huwapata na binadamu.

Kipimo chenyewe kimejengwa juu ya kazi ya Coombs na wenzake wawili, Mourant na Race, huko Uingereza mwaka 1945. Hao walikuwa wakitafuta kingamwili zilizojibandika juu ya chembe nyekundu za damu. Mwaka 1978 wataalamu wa Uholanzi walitoa njia ya kutumia maarifa hayo kwa mbegu za kiume, nayo ndiyo iitwayo kipimo cha MAR.

5. Jinsi kipimo kinavyofanywa

Likizo ya Juni nilifuatana na Baba mdogo hospitalini. Mtaalamu wa maabara alinieleza kazi yake kwa subira, nami naieleza hapa kwa utaratibu wake.

(a) Mume hukaa siku 2 hadi 7 bila kukutana na mkewe, kisha hutoa manii katika chombo safi. Manii lazima yapimwe yangali mabichi, maana zinazohesabiwa ni mbegu zinazokwenda tu. Mbegu iliyokufa haina ushahidi hapa.

(b) Mtaalamu huchukua tone la manii, akalichanganya na tone lenye punje ndogo mno za lateksi. Punje hizo zimefunikwa kwa kingamwili za binadamu. Kwa hiyo sasa kingamwili zaweza kuwa mahali pawili: juu ya punje, ambako tunajua zipo, na juu ya mbegu, ambako ndiko tunakouliza.

(c) Halafu huongezwa tone la tatu, nalo ni dawa yenye kingamwili zilizotengenezwa na mnyama dhidi ya kingamwili za binadamu. Dawa hii hufanya kazi ya daraja. Mkono wake mmoja hushika mguu wa Y iliyo juu ya punje. Mkono wa pili hutafuta mguu mwingine wa kushika.

(d) Mchanganyiko hutazamwa kwa hadubini baada ya dakika 3, na tena baada ya dakika 10. Ikiwa mbegu hazina kingamwili, daraja halipati pa kushika juu yake. Mbegu hupita huru, na punje hushikana zenyewe kwa zenyewe. Ikiwa mbegu zina kingamwili, punje hunasa juu yake, na mbegu huonekana zikienda huku zikiziburuta, kama chungu wanavyoburuta punje za sukari.

Hapa pana jambo la busara ambalo Mwalimu alitaka tulione. Punje kushikana zenyewe kwa zenyewe ni uthibitisho kuwa dawa ni nzima. Kama punje hazikushikana wala mbegu hazikunaswa, hatuwezi kusema kuwa mume hana kingamwili. Huenda dawa ndiyo iliyoharibika. Kipimo kizuri hujipima chenyewe kwanza.

(e) Mtaalamu huhesabu mbegu zinazokwenda zisizopungua 200, kisha hurudia hesabu, akaandika ni ngapi katika kila 100 zimebeba punje. Huandika pia zimenasa wapi, kichwani au mkiani. Punje zilizonasa kwenye ncha ya mkia tu hazihesabiwi kuwa na madhara, maana huonekana hata kwa wanaume wenye watoto.

Kingamwili zina aina mbalimbali. Zinazotafutwa hapa hasa ni imunoglobulini G na imunoglobulini A. Hii ya pili hutokea sana katika majimaji ya njia ya uzazi, na ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuzuia mbegu kupenya ute.

6. Namna ya kusoma majibu

Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2010 kilitumia kiwango cha 50 katika 100: mbegu zinazokwenda zilizonaswa zikifika nusu au kupita, kingamwili zahesabiwa kuwa na uzito. Zikiwa chache, yawezekana kabisa zisiwe ndizo zinazozuia mimba. Hata zikiwa nyingi, majibu hayasemi kwamba mtu huyo hatapata mtoto kamwe. Yasema kuwa njia imekuwa ngumu.

Tena, kugandana kwa mbegu peke yake si uthibitisho. Ni alama ya kutia shaka tu, maana maambukizo nayo yaweza kuleta hali kama hiyo. Ndiyo sababu mstari nilioruka haukuwa hukumu bali wito wa kupima zaidi.

Na ule wingi wa milioni 58 niliousifu? Ulikuwa wa kweli. Lakini wingi wa mbegu hauonyeshi kama zinaweza kusafiri, kama vile wingi wa mabasi stendi usivyoonyesha kuwa barabara inapitika.

7. Upande wa mwanamke

Mwanamke naye huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya mbegu za mume. Yeye hana mbegu za kutazama, kwa hiyo kipimo chake huzunguka. Huchukuliwa maji ya damu yake, yakapashwa joto la digrii 56 kwa dakika 30 ili kuzima protini fulani za damu ziwezazo kuua mbegu na kuharibu kipimo. Kisha huwekwa pamoja na mbegu zijulikanazo kuwa hazina kingamwili, na baadaye mbegu hizo hupimwa kama nilivyoeleza. Ute wa mlango wa mji wa mimba nao waweza kupimwa kwa njia inayofanana na hiyo. Lakini kingamwili zilizo katika damu si lazima ziwe zimefika kwenye njia ya uzazi, awe mume au mke. Kwa hiyo majibu ya damu yana nguvu ndogo kuliko yale ya mbegu zenyewe.

8. Je, kila mtu apimwe?

Nilipokuwa nikijifunza haya, nilidhani kila ndoa isiyo na mtoto ianzie hapa. Mwalimu alinisahihisha. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 ulisema wagonjwa wasipimwe hivi kwa jumla, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa dawa ya kuondoa kingamwili hizo na kuongeza uzazi. Wataalamu wa Marekani mwaka 2020 nao walisema kisiwe katika vipimo vya mwanzo vya mwanamume. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilikihamisha kutoka vipimo vya kawaida likakiweka katika vipimo vya ziada.

Basi kinachotangulia ni kipimo cha kawaida cha manii, pamoja na historia ya mtu na uchunguzi wa mwili. Kipimo cha kingamwili hufuata pale daktari anapoona sababu, kama mbegu kugandana, na pale ambapo majibu yatabadili shauri la matibabu. Kabla ya kulipa fedha, yafaa kumwuliza daktari swali hili: majibu haya yakija, tutafanya nini tofauti?

Zamani madaktari walijaribu dawa kali za kupunguza nguvu ya askari wa mwili, ziitwazo kotikosteroidi. Faida yake haikuthibitika vyema, na madhara yake yaweza kuwa makubwa, hata mfupa wa nyonga kufa. Njia yenye matumaini zaidi ni ile iliyotangazwa huko Brussels, Ubelgiji, mwaka 1992, ambayo mbegu moja huingizwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba. Mbegu haihitaji tena kupenya ute wala kulishika yai, kwa hiyo kingamwili hazipati nafasi ya kuizuia. Lakini njia hii ni ya gharama kubwa, wala haimhakikishii mtu mtoto.

9. Majibu ya nyumbani kwetu

Katika kila mbegu 100 za Baba mdogo, 81 zilikuwa zimebeba punje. Daktari akamwuliza kama aliwahi kuumia. Baba mdogo alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa akiwa kijana alianguka na baiskeli ya mkaa, akapigwa na chuma cha katikati. Alivimba wiki mbili, wala hakumwambia mtu kwa haya. Daktari alisema hawezi kuapa kuwa pigo lile ndilo lililoleta yote, lakini ni sababu inayojulikana.

Tulipofika nyumbani nilitaka kusoma karatasi, maana nilijiona nina deni. Baba mdogo akanizuia. "Hapana, mwanangu. Hii nitaisema mimi." Akamwita Mama mdogo akae, akamweleza Bibi kila kitu mbele yake. Bibi hakupiga vigelegele wala hakulia. Aliuliza, "Miaka yote hii, mwanamke huyu alikuwa akinywa mizizi ya nini?" Hapana aliyemjibu. Habari za posa hazijasikika tena. Nami nilikwenda jikoni nikamwomba Mama mdogo msamaha. Alinipa kikombe cha chai, akasema, "Soma mpaka mstari wa mwisho, baba."

Hawajapata mtoto bado. Wameanza kuweka akiba, na daktari amewaambia wasikate tamaa.

10. Neno kwa wanafunzi wenzangu

Sisi wavulana wa bweni hucheza mpira na kupanda miti. Mwenzetu akipigwa sehemu za siri twacheka, naye hujikaza. Ndugu zangu, maumivu makali ya ghafla ya korodani, au uvimbe, hata bila kupigwa, si mambo ya kuchekwa wala kufichwa. Korodani iliyojisokota yatakiwa kufunguliwa na daktari ndani ya saa 6 hivi, la sivyo yaweza kufa. Mwambie mlezi wa bweni usiku huo huo, usingoje asubuhi.

Na kwenu wazazi wetu, ombi langu ni dogo. Ikiwa mtoto hajapatikana, waende hospitali wote wawili, siku moja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini askari wa mwili huzihesabu mbegu za kiume kuwa ngeni?
2. Eleza kazi ya tone la tatu katika kipimo cha MAR.
3. Punje zisiposhikana kabisa, wala mbegu zisinaswe, utasemaje?
4. Mtu ana mbegu milioni 58 katika mililita moja. Je, hiyo yatosha kusema kuwa hana tatizo? Toa sababu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne